Ndimi za Mwigizaji: Lupita Nyong'o Jukwaani na Katika Filamu

Mnamo Agosti 2025 jukwaa la wazi la Delacorte, lililoko ndani ya bustani ya Central Park mjini New York, lilifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa. Tamthilia iliyochaguliwa kulifungua ilikuwa Twelfth Night ya William Shakespeare. Kisa chake chajulikana: mapacha wawili, Viola na Sebastian, wanavunjikiwa na chombo baharini, na kila mmoja anatupwa pwani peke yake akiamini ya kuwa mwenzake amekufa maji. Katika maonyesho hayo Viola aliigizwa na Lupita Nyong'o, na Sebastian akaigizwa na Junior Nyong'o, mdogo wake wa tumbo moja. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Na baadhi ya maneno ya mapacha hao, badala ya kusemwa kwa Kiingereza cha Shakespeare, yalisemwa kwa Kiswahili.

Huenda jambo hilo likaonekana dogo. Hata hivyo, kwa msomi wa lugha ni jambo linalostahili kutazamwa kwa makini, kwani lilimfikia mwigizaji huyo baada ya safari ndefu. Mengi yameandikwa juu ya tuzo zake, uzuri wake na mavazi yake. Machache yameandikwa juu ya ulimi wake, ilhali ulimi ndio chombo cha kwanza cha kazi ya mwigizaji. Makala hii yakusudia kueleza maisha na kazi za Lupita Nyong'o kwa kufuata uzi huo mmoja wa lugha, na kuonyesha jinsi mwigizaji wa Kiafrika anavyoweza kudaiwa aufiche ulimi wake, akapewa ndimi za wengine, na hatimaye akapata nafasi ya kuurejea wake mwenyewe.

Malezi na lugha

Lupita Amondi Nyong'o alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico. Baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa sayansi ya siasa ambaye baadaye aliingia katika siasa na mwaka 2017 akachaguliwa kuwa gavana wa Kaunti ya Kisumu, alikuwa akifundisha huko wakati huo. Wajaluo wana desturi ya kumpa mtoto jina kwa kuzingatia hali au tukio la siku za kuzaliwa kwake, na kwa desturi hiyo wazazi walimpa mtoto wao jina la Kihispania. Lupita ni ufupisho wa Guadalupe, jina la Bikira Maria wa Guadalupe anayeheshimiwa sana na Wamexico. Kwa hiyo hata jina lenyewe lina tabaka mbili: neno ni la Kihispania, lakini kanuni iliyolileta ni ya Kijaluo.

Familia ilirejea Kenya mtoto huyo akiwa bado mchanga, na malezi yake yakawa ya Nairobi. Hapo alikua kama wanavyokua watoto wengi wa wasomi wa Kenya: Dholuo ikiwa lugha ya ukoo, Kiswahili kikiwa lugha ya mji, na Kiingereza kikiwa lugha ya shule. Alipokuwa na umri wa miaka 16 wazazi wake walimpeleka Mexico, katika mji wa Taxco, akakaa huko kwa miezi kadhaa ili ajifunze Kihispania. Hivyo, kabla hajaanza masomo ya uigizaji, alikuwa tayari na lugha nne, kila moja ikiwa na mahali pake na watu wake. Jambo hili si la ajabu kwa Mkenya. Lililo la ajabu ni jinsi ulimwengu wa sanaa alioingia baadaye ulivyokuwa na haja ndogo na nyingi za lugha hizo.

Juliet wa Nairobi

Alianza kuigiza shuleni, kisha akiwa na umri wa miaka 14 akapewa nafasi ya Juliet katika tamthilia ya Romeo and Juliet iliyoonyeshwa na Phoenix Players, kikundi cha Nairobi ambacho kwa miaka mingi kilishughulika hasa na michezo ya Kiingereza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza katika kikundi cha waigizaji wa kulipwa.

Yafaa ikumbukwe hali ya jukwaa la Kenya lilivyokuwa. Miaka ipatayo 20 kabla ya hapo, mnamo 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru walikuwa wameigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kigikuyu uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliupiga marufuku baada ya muda mfupi, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mnamo 1981 Alamin Mazrui alitoa Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili iliyokuja kusomwa sana. Pamoja na juhudi hizo, kijana wa Nairobi wa miaka ya 1990 aliyetaka kuwa mwigizaji wa kulipwa aliukuta mlango wa Kiingereza ukiwa wazi zaidi kuliko milango mingine. Msichana wa Kijaluo akawa binti wa Verona kwa Kiingereza cha karne ya 16, na hakuna aliyeona kuwa pana jambo la kuulizwa.

Ulimi uliofichwa

Elimu yake ya juu aliipata Marekani. Alisoma filamu na mambo ya jukwaa katika chuo cha Hampshire, jimbo la Massachusetts. Alifanya kazi nyuma ya kamera pia: alikuwa miongoni mwa wasaidizi wakati filamu ya The Constant Gardener (2005) ilipopigwa nchini Kenya, na mnamo 2009 alitoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, inayoeleza maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huo huo alionekana katika Shuga, mfululizo wa televisheni uliopigwa Nairobi kwa ajili ya kuwazindua vijana juu ya ukimwi. Baadaye aliingia chuo cha uigizaji cha Yale, akamaliza shahada ya uzamili mwaka 2012. Huko aliigiza katika michezo ya Chekhov na Shakespeare, ikiwemo Uncle Vanya, The Taming of the Shrew na The Winter's Tale.

Ni katika kipindi hicho suala la lafudhi lilipomkabili waziwazi. Katika mazungumzo yake ya redio ya mtandao yanayoitwa Mind Your Own, aliyoanza kuyatoa mwaka 2024, alieleza kwamba alipokuwa Yale alijifunga kuzungumza kwa lafudhi ya Kimarekani wakati wote, kwa kuamini kuwa bila hiyo hatapata kazi. Mazoezi hayo hayakuishia darasani. Yaliingia hata katika mazungumzo ya kawaida. Mtu asiyejua kazi hii aweza kudhani kuwa lafudhi ni vazi tu, huvaliwa na kuvuliwa. Lakini wanaisimu wanafahamu kuwa mtu anapobadili matamshi yake hubadili pia namna ya kupumua, ya kuweka mkazo, ya kupandisha na kushusha sauti, hata ya kucheka na kukasirika. Kwa maelezo yake mwenyewe, mabadiliko hayo yalimtia huzuni, akajiona kama anayejisaliti.

Matunda ya juhudi hizo yalipatikana haraka. Alipokuwa anakaribia kumaliza masomo alichaguliwa na mwongozaji Steve McQueen kuigiza katika 12 Years a Slave (2013), filamu iliyotokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Lupita aliigiza nafasi ya Patsey, kijana wa kike mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana. Nafasi hiyo ilihitaji usemi wa watu weusi wa Kusini ya Marekani wa karne ya 19, watu ambao mababu zao walinyang'anywa lugha zao za Kiafrika. Tarehe 2 Machi 2014 alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi, akawa Mkenya wa kwanza kupata tuzo ya Oscar kwa uigizaji.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi wenye maana kubwa. Alieleza kwamba, wakati wa kuitangaza filamu hiyo, alikusudia kuzungumza mbele ya waandishi wa habari kwa lafudhi yake ya Kenya, ili wale wanaomtazama wajue ya kuwa lafudhi hiyo haimzuii mtu kufikia kilele cha kazi yake. Urejeo huo haukuwa mwepesi. Baada ya miaka ya mazoezi, sauti ya zamani haikuwa ikimngoja pale alipoiacha. Ilimbidi aitafute tena. Tangu wakati huo lafudhi ya Kimarekani imebaki kwa wahusika wake wanaoihitaji, nayo ya Kenya ikabaki yake. Mamilioni ya watu waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia kwake.

Ndimi za wengine

Baada ya Oscar alirejea jukwaani. Katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira iliyoongozwa na Liesl Tommy, aliigiza msichana aliyetekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Liberia. Alikuwa ameufahamu mchezo huo tangu alipokuwa mwanafunzi, kwani mwaka 2009 alikuwa mwigizaji wa akiba ulipoonyeshwa Yale. Ulionyeshwa katika ukumbi wa Public Theater mwaka 2015, ukahamia Broadway mwaka 2016, na ukawa mchezo wa kwanza wa Broadway ambao mtunzi wake, mwongozaji wake na waigizaji wake wote ni wanawake weusi. Lupita aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Usemi wa mchezo huo ni Kiingereza cha Liberia, chenye mahadhi na sarufi yake, na kila mwigizaji alilazimika kujifunza.

Mwaka huo huo wa 2016 ilitolewa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa mchezaji hodari wa sataranji. Lupita aliigiza Nakku Harriet, mama wa binti huyo, kwa Kiingereza kilichobeba sauti ya Uganda. Watazamaji wa mbali huenda hawakutofautisha usemi wa Liberia na wa Uganda. Kwao vyote ni Afrika. Kwa mwigizaji na kwa mwanaisimu tofauti hizo ndizo kazi yenyewe.

Aidha, yapo majukumu ambamo uso wake haukuonekana kabisa. Katika The Force Awakens (2015) aliigiza Maz Kanata, kiumbe aliyeundwa kwa mitambo kutokana na mienendo na sauti yake. Katika The Jungle Book (2016) alikuwa sauti ya Raksha, mbwamwitu jike. Na katika The Wild Robot (2024) alikuwa sauti ya roboti ambaye usemi wake unaanza ukiwa mkavu, wa mashine, na kuingia utu kidogo kidogo. Katika Us (2019) aliigiza wahusika wawili wanaofanana sura, akawatofautisha hasa kwa sauti. Mmoja wao alimpa sauti ya kukwaruza, iliyokatikakatika. Alipoeleza kuwa aliitoa katika ugonjwa halisi wa koo, watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamika kwamba ugonjwa huo umefanywa kuwa kitisho, naye akaomba radhi. Yaonekana basi kuwa hata sauti isiyo na lugha ina wenyewe.

Wakanda na Kixhosa

Kazi iliyozua mjadala mkubwa zaidi wa lugha ni Black Panther ya Ryan Coogler (2018), ambamo aliigiza Nakia, jasusi wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Filamu hiyo ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa. Uchaguzi huo ulianza katika filamu iliyotangulia, Captain America: Civil War (2016), ambamo John Kani, mwigizaji mashuhuri wa Afrika Kusini aliyeigiza mfalme T'Chaka, alisema maneno ya lugha yake mwenyewe. Waandaaji wakaikubali, na walioigiza baadaye wakajifunza.

Hapa pana somo. Wakanda kwa kawaida huwekwa upande wa mashariki wa bara la Afrika, mbali sana na nchi ya Waxhosa. Lupita, mzaliwa wa familia ya Afrika Mashariki, alitakiwa kujifunza Kixhosa ili aonekane kuwa Mwafrika wa Afrika Mashariki ya kubuni. Kwa mjuzi wa Kiswahili lugha hiyo ni jirani na ni mgeni kwa wakati mmoja. Ngeli zake zinatambulika mara moja, kwani umntu na abantu si wengine ila mtu na watu. Lakini vidoko vyake, ambavyo Wabantu wa kusini walivipata kwa kuchanganyika na Wakhoisan, huukwaza ulimi usiovizoea.

Wapo waliolaumu jambo hili wakisema kuwa Afrika imefanywa kitu kimoja tena. Lawama hiyo ina uzito, lakini kuna upande wa pili. Kwa mara chache katika filamu ya fedha nyingi namna ile, lugha halisi ya Kiafrika ilisemwa na wafalme na mawaziri, ikatafsiriwa kwa maandishi chini ya picha. Aliyeileta hakuwa kamati wala mtaalamu. Alikuwa mwigizaji mmoja mzee aliyeitumia lugha ya mama yake. Jambo hili lapasa kuwekwa akilini, kwani lilijirudia New York miaka tisa baadaye.

Kutoka Juliet hadi Viola

Shakespeare ameambatana na Lupita maishani mwake kwa namna ya pekee. Juliet wa kwanza alikuwa wa Kiingereza, Nairobi. Mnamo 2021, wakati kumbi zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, aliigiza Julieta katika Romeo y Julieta, mchezo wa kusikilizwa uliochanganya Kihispania na Kiingereza. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali yule yule, ambaye mwaka huo pia aliongoza Merry Wives katika jukwaa la Delacorte, Shakespeare akiwa amehamishiwa kwa wahamiaji wa Afrika Magharibi waishio Harlem. Kisha, mnamo 2025, akawa Viola.

Ili kufahamu uzito wa jambo hilo la mwisho, yafaa kulinganisha namna tatu za Kiswahili kukutana na ulimwengu wa nje. Namna ya kwanza ni ya pambo. Mfululizo wa Star Trek ulioanza 1966 ulikuwa na mhusika Uhura, ambaye jina lake limetoholewa kutoka uhuru. Na The Lion King (1994) ilijaa majina kama Simba na Rafiki. Humo Kiswahili ni rangi. Hakijengi hoja wala hakibebi huzuni ya mtu.

Namna ya pili ni ya tafsiri kamili. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mnamo 1963 na The Merchant of Venice, kwa jina la Mabepari wa Venisi, mnamo 1969. S. S. Mushi naye alitoa Makbeth (1968) na Tufani (1969). Katika kazi hizo mgeni ameingizwa nyumbani: Warumi na wafanyabiashara wa Venisi wanasema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na anayehukumu ni msomaji wa Kiswahili.

Namna ya tatu ndiyo ya Delacorte. Mchezo ulibaki wa Kiingereza. Lakini mapacha walipokuwa wawili wa nyumba moja, Kiswahili kilikuwa chao. Watu wa Illyria, nchi walikotupwa, hawakuwa nacho. Wingi wa watazamaji nao hawakuwa nacho, kwa hiyo waliwekwa mahali pa wenyeji wanaomsikia mgeni akimwita ndugu yake kwa lugha ya kwao. Hapo Kiswahili kilipewa dhima ya kitamthilia: kilionyesha undugu, kilionyesha ugeni, kilimtambulisha aliyepotea kwa aliyempoteza. Ni vyema pia kuangalia kuwa lugha iliyotumika haikuwa Dholuo ya ukoo. Ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo mwongozaji na waigizaji hao wawili, kwa asili zao mbalimbali, waliikuta Nairobi wote pamoja. Maonyesho katika jukwaa hilo, tangu lilipofunguliwa 1962, hayana kiingilio. Mchezo huo ulirekodiwa pia, ukaonyeshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwezi Novemba 2025.

Hitimisho

Si sawa kulikuza jambo hili kupita kiasi. Sehemu ya Kiswahili ilikuwa ndogo, na kazi zote zilizomjengea Lupita Nyong'o jina duniani ziliandikwa kwa Kiingereza. Hata kitabu chake cha watoto, Sulwe (2019), ambacho kichwa chake ni neno la Dholuo lenye maana ya nyota, kiliandikwa kwa Kiingereza kwanza ndipo kikatafsiriwa kwa Kiswahili na Dholuo.

Hata hivyo maisha yake yana fundisho lililo wazi. Kixhosa kiliingia Wakanda kwa sababu John Kani alikuwapo. Kiswahili kiliingia Illyria kwa sababu Wakenya watatu walikuwapo, na kwa sababu mmoja wao alikuwa amefikia daraja ambayo hakuna awezaye kumwambia afiche alikotoka. Utajiri wa msamiati na urefu wa historia ya lugha havikutosha kuifikisha jukwaani. Ilihitajika pawepo mtu mwenye mamlaka katika chumba cha mazoezi, na mtu huyo awe hajaiacha lugha yake.

Kwa walimu wa lugha na fasihi, linalofuata ni la kutenda. Vyuo vinavyofundisha tamthilia ya Kiswahili kama maandishi vina wajibu wa kuifundisha pia kama sauti: pumzi, mkazo, mahadhi, tofauti ya Kimvita na Kiunguja na Kiswahili cha Nairobi. Binti wa miaka 14 anayetaka kuigiza leo katika mji huo atafungua mlango atakaoukuta wazi. Lupita Nyong'o aliukuta wa Kiingereza, na ilimchukua takriban miaka 28 kutoka Juliet wa Nairobi hadi Viola wa New York kabla ya kuyasema maneno ya Shakespeare kwa Kiswahili mbele ya hadhira. Anayekuja nyuma yake hana sababu ya kungoja muda huo wote, ikiwa watakaomfundisha watamwekea mlango wa pili.